Salamu za Makanisa ya Bulaya

Aloisi alilala chali kwenye majani, simu juu, akimwomba kaka yake asogee kidogo ili kichwa chake kiifiche bendera ya Marekani. Byamungu alisogea. Alikuwa amevaa koti zito katikati ya Julai, kwa kuwa alisikia Bulaya, yaani Ulaya, kuna baridi, na jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Nyuma yake lilisimama kanisa la mawe lenye mnara mrefu, jirani na kituo cha mafuta. Mji ulikuwa Buffalo.

Kesho yake walipiga picha kwenye hospitali ya zamani ya wagonjwa wa akili, ambayo ina minara miwili. Hiyo ikawa kasri la mfalme.

Tuseme ukweli, Byamungu hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Kilichomponza ni mkwe. Binti yake Séphora alikuwa amechumbiwa kupitia Facebook na Manassé, kijana wa Bukavu aliyejieleza kuwa anaishi Liège, Ubelgiji, na baba mtu akavimba kichwa. Mwaka uliotangulia alikuwa amemfukuza sebuleni kwake Whitehall, pembeni ya mji wa Columbus huko Marekani, kijana mwingine, Elisée, mtaratibu na mcha Mungu, kwa kosa moja tu: alikuwa akipanga maboksi usiku katika ghala huko Louisville, Kentucky.

"Sikutoa mtoto kwenye kambi ya wakimbizi ili aolewe na mutu wa maboksi," alimwambia, na Séphora akalia wiki nzima. Byamungu mwenyewe alikuwa mtu wa maboksi, hapo hapo Columbus, lakini hakuona hilo linahusiana vipi.

Sasa mkwe wa Bulaya alikuwa anakuja kutoa posa, na baba mkwe hajawahi kukanyaga huko. Aibu gani hiyo. Akaomba likizo kazini, akatangaza kanisani kwamba anakwenda kutembelea makanisa na makasri ya kale, kisha akapanda basi hadi Buffalo kwa mdogo wake.

Ila alisahau desturi ya kanisa lake. Kwao msafiri habebi mizigo tu, hubeba na salamu. Mchungaji Birindwa alimwombea mbele ya watu, akamkabidhi salamu za waumini wote azifikishe kila atakaposali, na akirudi asimame alete majibu.

Jumapili ya majibu ilipofika, Manassé alikuwa ameketi safu ya mbele. Aliwasili Ijumaa kwa gari lenye namba za Kentucky. Alisema ndilo walilomkodishia uwanja wa ndege. Mchana kutwa alilala, usiku akawa macho makavu, na mama mkwe Emérence akawanyamazisha wadogo zake Séphora akisema ndiyo saa za Bulaya hizo. Séphora alimsifu kwa Kiingereza chake, laini kwa mtu aliyekulia kwenye Kifaransa. Byamungu hakusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa na hofu yake. Posa ilikwisha pokewa, na binti ameshaacha kazi yake ya kutunza wazee kule Hilliard. Kijana akisimama na kusema kanisa hili halijui, ndoa imevunjika na jina la Byamungu limeoza.

Picha zikaoneshwa ukutani. Byamungu akaanza kwa sauti ndogo, lakini watu waliposema amina akapata nguvu. Alisema padri wa kanisa lile kubwa alilengwalengwa na machozi aliposikia habari za Whitehall. Alisema kwaya ilisimama ikaimba kwa heshima yake. Siku ile kanisa lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na aliyemsalimia ni mbwa wa jirani.

Ndipo ikaja picha ambayo Aloisi hakuikata vizuri. Pembeni ya mnara ulichungulia mdomo wa basi la shule, la manjano, kama yale yanayobeba watoto wa Whitehall kila asubuhi. Manassé aliitazama kwa muda mrefu.

"Mkwe wetu ni mtu wa kule," akasema Mchungaji Birindwa. "Atuambie na yeye."

Manassé alisimama, akaweka tai yake sawa.

"Bwana asifiwe. Bon, ile kanisa ndiyo mule niko nasali kila Jumapili. Papa alisema kweli. Na ile kwaya, niko mule ndani, ninaimbaka ténor."

Makofi yakapigwa hadi kipaza sauti kikapiga mluzi. Mchungaji akawaita wachumba mbele, akawawekea mikono na kutangaza Jumamosi ya harusi. Byamungu alilia, na watu wakasema ndiyo furaha ya mzazi. Kwa kweli alilia kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kumfanyia wema kama ule. Kijana amemwona yuko uchi mbele ya watu, akamfunika.

Baada ya ibada alimvuta kando, kwenye maegesho, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, donc, aksanti kwa kunificha. Ile kanisa iko Buffalo. Mimi Bulaya sijafika hata siku moja."

Manassé alimtazama, akatazama kulia na kushoto, kisha mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Papa, unitumie ile picha," akanong'ona. "Wazazi kule Bukavu kila siku wananiomba picha ya kanisa yangu ya Liège, na za Louisville nilishazimaliza zote."