Kihisi cha Stoo

"Mathe, hiki kihisi chenu kinacheza brikicho na mimi, mara kinajificha mara kinatokea," nilimtania Truphosa, mpishi, nikipanda ngazi pale stoo. Hakucheka.

Tangu vita vya Januari, vile vya baada ya uchaguzi, vianze, kihisi hicho cha mwendo kisicho na waya kilikuwa kikipotea kwenye mtambo wa kengele ya wezi. Betri nilishabadilisha mara mbili.

Sasa nilikikuta kimefungwa kwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia chapati, ambayo huzuia mawimbi. Ilikuwa bado na mafuta.

Nyuma ya magunia ya unga, mtoto alikohoa. Mama yake akamziba mdomo.

Bosi, mwenye nyumba, alikuwa ameapa hafichi mkimbizi yeyote, asije akachomewa nyumba.

"Fundi!" aliita kutoka sebuleni. "Umeona shida iko wapi?"

Truphosa alishika ngazi kwa mikono miwili.

"Ni hizi kuta, bosi! Ni nene mno. Hiki tukitoe kabisa."