Mkono wa Kulia wa Mama

Dada yangu aliingia kwenye maonyesho akiwa bado na aproni ya kazini, akaiendea moja kwa moja ile picha kubwa. Nilikuwa nimemchora mama kitandani, sisi wanawe wanne tumemzunguka, mimi nimemshika mkono wa kulia. Wageni walikuwa wanaisifu tangu mchana. Mmoja alifuta machozi.

Dada aliinama karibu na turubai, akautazama ule mkono. Vidole vitano vimenyooka, vimelala kwenye kiganja changu kama vya mtu anayepumzika.

"Sura umeipata," alininong'oneza, wageni wasisikie. "Lakini mdogo wangu, mkono huu ulijikunja ngumi tangu alipopooza. Kila asubuhi nilikuwa naufungua kidole kimoja kimoja, niuoshe ndani usifanye vidonda."

Miaka yote miwili ya ugonjwa ule, mimi nilikuwa mtu wa kutuma salamu.

Mgeni mmoja akatusogelea akitabasamu. "Mchoraji, hebu tuambie. Ulijisikiaje siku ile ulipomshika mama mkono?"

Dada akanigeukia, akasubiri jibu pamoja naye.