Mama au Mtoto

Panga lilikuwa bado mkononi mwa mzee aliporuka kutoka kwenye lori, damu ikimchuruzika mpaka kiwikoni.

Mlinzi wa hospitali hakuuliza. Rungu lilimpata mzee huyo mdomoni, meno mawili yakadondoka mchangani. Akamfunga kwa kamba ya mkonge kwenye nguzo ya baraza.

Nesi Filomena alikuwa tayari amepanda lori, katikati ya magunia ya mahindi ya njano yaliyokuwa yakigawiwa mwaka ule wa njaa. Wanawake wawili walikuwa wamelala humo. Yule mtu mzima alikuwa amekatwa begani, nyama imefunguka mpaka mfupa unaonekana. Yule mdogo alikuwa na mimba ya miezi tisa. Tumbo lilikuwa limekanyagwa kwa mateke, na kanga yake ilikuwa nzito kwa damu.

"Nimewapakia Mkata," dereva alisema. "Mzee anaitwa Mhina. Zaidi ya hapo sijui."

"Mke mkubwa na mke mdogo," alisema Simeo, dresa wa kufunga vidonda, huku akimtelemsha yule mtu mzima. "Watani zangu Wazigua hao, dada. Wakianza ugomvi hawaweki akiba."

"Si mimi," Mhina aligugumia. "Panga nimemnyang'anya. Aliyewakata kakimbilia mkongeni."

"Wote husema hivyo," mlinzi alijibu, akampiga tena, safari hii mbavuni.

"Mwanangu," mzee akalia. "Jamani, mwanangu anakufa."

Filomena akamtupia jicho la hasira. Hata sasa mtu huyu alikuwa akililia tumbo tu, si mwenye tumbo. Akafanya ishara ya msalaba. Bwana, nisaidie nisimchukie.

Simeo akampeleka yule mtu mzima chumba cha kushonea majeraha. Mdogo akaingizwa chumba cha upasuaji.

"Baba yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kafungwa kwenye nguzo, mdogo wangu. Hatakugusa tena."

Yule mdogo akatikisa kichwa. Alitaka kusema neno, lakini uchungu ukamkata kauli, na baada ya hapo hakusema tena.

Daktari alimvuta Filomena pembeni. "Damu hatuna hata chupa moja. Tukimpasua, mtoto atatoka hai, lakini mama hatafika jioni. Tukimkata mtoto humo humo na kumtoa vipande vipande, mama huenda akapona. Kamuulize yule mzee. Upesi."

Filomena akatoka barazani.

"Mzee, wote wawili hawaponi. Mama au mtoto?"

Mhina alimtazama kama mtu aliyepigwa rungu upya. Akaangalia mlango wa chumba cha kushonea. Akaangalia mlango wa chumba cha upasuaji.

"Hakuna njia nyingine, binti yangu?"

"Hakuna."

Akapigiza kisogo kwenye nguzo, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka damu ikamshuka shingoni.

"Mtoto," alisema. "Mama mwenyewe angenilaani nikisema vingine."

"Mama hana hata pumzi ya kukulaani."

Filomena akakishika kidole gumba cha mzee nyuma ya nguzo, akakigandamiza kwenye karatasi ya idhini. Wino haukuhitajika.

Ndani, kisu kilipita. Filomena aliyashika mabega ya yule mdogo, akasali kimoyomoyo, asiyaachie mpaka yalipoacha kutetemeka. Ndipo mtoto akalia, kwa nguvu, kama mwenye kudai haki yake.

Akamfunga kwenye kitambaa, akatoka naye. Mzee alikuwa amepiga magoti kadiri kamba ilivyomruhusu, midomo iliyopasuka ikisoma dua.

"Mama hatunaye," Filomena alisema.

Mhina akafumba macho. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Akalia bila sauti, muda mrefu, kifua kizima kikitikisika. Mlinzi akaangalia pembeni.

Filomena hakumhurumia. Akakifunua kitambaa.

"Haya, mtazame. Ndiye uliyemchagua."

Mzee akafumbua macho. Uso ule uliovimba ukafunguka polepole, machozi yangali yakitiririka, mpaka mapengo yakaonekana.

"Mungu mkubwa," alisema. "Kumbe na mjukuu wangu kapona. Sasa nifungue, binti, nikamwone mtoto wangu."