Imepokelewa

"Imepokelewa." Neno likatokea kwenye skrini, na Hemal akacheka kwa pua.

"Umeona, Alkaben? Mara ya arobaini leo. Mimi natuma, yeye anapokea, halafu anapoteza."

Aliyesemwa, Linus, alikuwa amekaa karibu na mlango wa ofisi ile ya Neasden, London, begi zito miguuni pake. Hemal alilitazama begi lile, akafurahi. Mtu kashafungasha.

Kampuni ya Alka, ambaye Hemal alimwita Alkaben, yaani dada Alka, kwa heshima ya Kigujarati, ilipeleka dawa kwenye nyumba za wazee. Hemal alitengeneza programu ya kuagiza. Linus akatengeneza huduma ya kupokea maagizo, iliyokaa kwenye seva moja kule stoo, Hounslow. Kila mmoja alitumia lugha yake ya kompyuta, kwa hiyo Linus aliandika waraka wa maelezo: huduma iko anwani gani, iulizweje, itajibu nini. Waraka kama huo hutakiwa usomeke na programu ya lugha yoyote. Programu ya Hemal iliukataa.

"Waraka gani ule! Mpika chapati angeandika vizuri zaidi," Hemal aliendelea. "Nimekaa siku tatu naunyoosha mwenyewe. Na wiki ile alipochelewa, mimi sikukaa bure. Nilijitengenezea huduma ya bandia humu humu kwenye laptopu, inajibu ndiyo kwa kila agizo, nikaendelea na kazi. Yeye je? Kazi yake kulalamika kwamba hajapata kitu."

"Sijapata kweli," Linus alisema kwa sauti ya chini. "Hata agizo moja."

"Msikie! Ndugu yangu, ulisomea kompyuta au ushonaji?"

Alka hakucheka. Kuanzia Jumatatu wazee mia mbili wangetegemea mfumo ule kwa dawa zao, na alikwisha kusema: leo mmoja wenu anaondoka. Kwa Linus, kazi ikienda, viza inakwenda nayo. Hemal alilijua hilo, wala halikumkosesha hamu ya kula. Kabla ya mkutano alimaliza sambusa tatu.

"Tuma mara ya mwisho," Alka alisema. "Nione kwa macho yangu."

Hemal akaandika: vidonge vya presha, pakiti kumi. Akabonyeza kwa kidole cha mwisho, kwa madaha.

Imepokelewa.

"Haya, bwana mkubwa. Seva yako mwenyewe inakushtaki. Una la kusema?"

Linus aliinama, akafungua begi. Hemal akanyoosha kiganja, tayari kupokea kadi ya mlango.

Linus akaweka mezani kisanduku cheusi cha chuma, waya wake umezungushwa vizuri na kufungwa kwa mpira.

"Seva ni hii," alisema. "Niliichomoa kule stoo jana saa kumi. Leo umejibiwa na nani?"