Karatasi ya Bwana Philip

Karatasi ilidondoka kutoka kwenye mkoba wa mjukuu wake Nida, na Daulat akautambua mwandiko kabla hajainama kuiokota. Ulikuwa wa Philip, jirani yao, mwalimu mstaafu anayemsaidia binti huyo kazi ya chuo.

Alivaa miwani, akaisoma polepole huku akijitafsiria kutoka Kiingereza.

"Ulaya ni nyumba yetu. Tumezoea kupigana sisi kwa sisi, na sasa hawa wameingia. Watolewe, kabla watoto wetu hawajaanza kusema lugha yao. Hawapendi elimu. Maandishi yasiyowapendeza huyatia moto."

Daulat akakaa. Kwao Tanga, aliyehamia huku Toronto husemwa ameenda Ulaya, na hata yeye hajawahi kuiita nchi hii kwa jina jingine. Hawa ni nani, basi, kama si yeye?

Majira tisa ya baridi Philip amemwondolea theluji mlangoni bila kuombwa. Siku ya kumzika mumewe alisimama ukumbini msikitini, viatu mkononi, mpaka sala ikaisha. Yote yale yalikuwa ya nini?

Nje, beleshi lilikwaruza ngazi. Daulat akafungua mlango.

"Shikamoo, Mama," alisema Philip, kama Daulat alivyomfundisha mwenyewe.

Hakumwitikia marahaba. "Acha. Nitaondoa mwenyewe."

"Nimekosa nini?"

"Usikanyage tena ngazi zangu."

Alifunga mlango. Akawasha jiko la gesi, akaishikilia karatasi juu ya moto mpaka vidole vikaungua. Majivu akayamwagia maji kwenye sinki.

Nida akashuka mbio, koti begani. "Bibi, Dadima wangu, umeona karatasi yangu? Ile ya Bwana Philip."

"Ile ya matusi?"

Nida akacheka. "Hiyo hiyo. Barua ya msomi wa Italia, yuko kaburini miaka zaidi ya mia tano, anawaogopa Waturuki. Bwana Philip amenitafsiria kutoka Kilatini mwezi mzima, na macho yake yale mabovu. Amemaliza jana tu, hata nakala sijatoa. Na saa nne natetea kazi yangu mbele ya walimu."

"Unatetea nini?" Sauti ya Daulat ilikuwa ndogo.

"Kwamba alitusingizia Waislamu, Dadima. Kwamba watu wetu hawachomi maandishi."