Picha Isiyo na Uso

Lango la ukaguzi la uwanja wa ndege lililia mara ya tatu, na foleni nzima ikamgeukia Maxwell Wesonga.

"Boss, umebeba nini?" aliuliza askari wa lango, jamaa mrefu mwenye jina Oyoo kifuani.

"Sijabeba kitu. Ni mguu."

Ulikuwa mguu kweli. Miaka mitatu iliyopita bodaboda ilimwangusha Kawangware, na madaktari wakamtia chuma kirefu mguu wa kulia. Mkewe, Peres, alilala kwenye kiti kando ya kitanda chake wiki tatu nzima. Picha ya eksirei aliihifadhi juu ya kabati kule nyumbani Kabiria, na hakuna mgeni aliyekunywa chai pale bila kuonyeshwa skrubu moja moja kwa kidole.

"Basi kunja trouser tuone kovu, halafu nikupekue na mkono. Ni protocol tu."

Maxwell akatazama nyuma. Foleni ilijaa akina mama wa kanisa, vitambaa vya bluu kichwani, safari ya kongamano Mombasa. Hakumjua hata mmoja. Lakini akina mama wa kanisa hujuana wote, na kovu lile Peres alikuwa ameliombea hadharani katika makanisa yasiyopungua manne.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Peres alijua kwamba saa hizi mumewe yuko ndani ya gari la kampuni akielekea Naivasha, kwenye semina ya wauzaji wa matangi ya maji. Hakujua habari ya ndege ya Diani. Na hakujua kabisa habari ya Jackie, ambaye alikuwa ameshavuka ukaguzi na kuketi upande wa pili, kofia ya ufuoni kichwani, akimpungia mkono aharakishe. Habari hizo zikimfikia Peres, ndoa ya miaka kumi na mmoja haingefika Jumapili.

Si kwamba Maxwell alikuwa mzembe. Pete ya ndoa alikuwa ameivua chooni dakika tano zilizopita na kuitumbukiza ndani ya soksi ya kushoto. Simu ameizima. Hata asubuhi aliigiza vizuri, akalalamika kwamba semina zinamchosha. Peres hakumsikiliza sana. Alikuwa akipiga pasi yunifomu yake huku akiimba, na huyo ni mtu wa mwaka wa sita akipekua mikoba kwenye mlango wa jumba la ofisi Upper Hill, hajawahi kuimba akienda kazini.

"Baba Ivyne, niko na surprise yako," alisema. "Nitakuambia ukirudi."

Maxwell akaitikia "mm", vile vile alivyoitikia wiki mbili zote Peres alipomsimulia habari ya kozi fulani aliyopelekwa. Alikuwa na mambo yake kwenye simu.

"Sikunji trouser mbele ya watu," alimwambia Oyoo sasa, na sauti ikampanda. "Niko na haki zangu. Privacy iko kwa katiba!"

Akina mama wawili waliitikia "kweli kabisa", na wa tatu nusura aseme amina.

Oyoo akakuna kichwa. "Sawa boss, usikasirike. Kuna hii mashine mpya. Unasimama hapo, unainua mikono, inakuona mpaka mfupa. Mimi sioni picha. Mwenye anaiona ako kwa chumba huko nyuma, amejifungia. Haoni sura yako, picha haina uso. Hata jina hajui."

"Una uhakika hawezi kunijua?"

"Atakujulia wapi? Hata sisi hatujui vizuri. Ameanza leo."

Moyo wa Maxwell ukatulia. Tena alijisikia raha, maana si kila siku mtu anaficha yake na kutetea katiba kwa mpigo mmoja. Akaingia kwenye kibanda cha kioo kifua mbele, akakanyaga alama za nyayo, akainua mikono juu. Mashine ikamzunguka ikivuma kidogo. Jackie akampungia tena, naye akamkonyeza.

Alipotoka, Oyoo alikuwa ameshika waya uliokuwa sikioni, akisikiliza. Akasikiliza. Akaendelea kusikiliza muda mrefu kuliko mguu mmoja unavyostahili.

"Kuna shida?" Maxwell aliuliza.

"Hakuna. Anasema mguu hauna neno. Skrubu ni sita na zote ziko."

"Si nilikuambia!"

"Ngoja kwanza." Oyoo alikunja uso, kidole bado sikioni. "Anasema hiyo kitu iko kwa soksi ya kushoto, uitoe uirudishe kwa kidole."

Maxwell aliinama polepole. Akaichomoa pete kwenye soksi. Pete ilimteleza mara mbili kabla ya kuingia.

"Uko sawa boss, unaweza kupita," alisema Oyoo. "Lakini kuna swali amesema nikuulize, na mimi hata sijalielewa. Anauliza, siku hizi watu wanaenda Naivasha na ndege?"