Tumesikia

Tangu sheria ile ianze, gari la mtumba haliwaki mpaka litaje kasoro zake kwa sauti, na aliyemo ndani ajibu, "Tumesikia." Likishajibiwa, halizitaji tena mpaka kesho.

Afua alizizoea kasoro za gari lake kama mtu anavyozoea kikohozi cha mumewe: mkanda wa nyuma hufyatuka, taa ya kushoto huzimika mvua ikinyesha. Kiwanda kiliahidi kuyaita magari yote ya aina ile yakatengenezwe, lakini zamu yake haikuwa imefika. Siku hizi hata hakusikiliza. Binti yake Mboni ndiye aliyeitikia, kama darasa linavyomwitikia mwalimu, huku mama akifunga geti.

Asubuhi hiyo walikuwa wameshaiacha Lushoto, wanaanza kuteremka kuelekea Mombo, Mboni aliposema, "Mama, leo gari limeongeza kasoro nyingine."

"Nyingine ipi?"

"Sijui. Lilipoanza tu kuisema nikawahi kujibu. Si ulisema tumechelewa?"

Afua akatafuta pa kusimama. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, na nyuma lori la mbao limewaganda.

"Wewe gari," akasema, "hebu rudia kasoro zako."

"Zimeshapokelewa," gari likajibu kwa adabu. "Safari njema."

Mbele ikatokea kona. Afua akaupeleka mguu kwenye breki, akauacha ukielea juu yake, anaogopa kukanyaga, anaogopa zaidi kutokukanyaga.